Msitu wa Kijiji na Wanunuzi Wanne

Kijiji chenye msitu mkubwa siku hizi hakikosi wageni. Wa kwanza kufika ni mwenye lori, anatafuta mkaa na magogo. Wa pili ni mkulima, mara nyingi ametoka mbali, anaomba ekari kadhaa za ufuta. Wa tatu huja na ramani za setilaiti na habari za hewa ukaa. Wa nne ni nadra, lakini yupo: kampuni ya utalii, mamlaka ya maji au shirika la uhifadhi linalosema, "Msikate, msifyeke, tutawalipa kila mwaka kwa kuuacha ulivyo." Wote wanne hutaja bei. Halmashauri ya kijiji hukaa, ikapambanisha bei na bei, ikamchagua aliyetaja kubwa. Hapo ndipo wengi wanapopunjika, kwa sababu wageni hawa hawanunui kitu kimoja.

Jambo lenyewe ni kubwa. Tathmini ya taifa ya misitu ya Tanzania, NAFORMA, ilihesabu hekta milioni 48.1 za misitu nchini, na karibu nusu yake iko katika ardhi ya vijiji. Maana yake, ukiiacha Serikali Kuu, mwenye neno kubwa kuliko wote juu ya misitu ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa kawaida hauna mwanasheria wala mhasibu mezani. Mnunuzi analeta wote wawili.

Miti, ardhi, au ahadi

Mwenye lori ananunua miti. Akishakata ameondoka, na ardhi inabaki. Mkulima anataka ardhi yenyewe hata akisema ni ya msimu mmoja, maana palipong'olewa visiki hapageuki msitu kwa kuwa msimu umekwisha. Wale wawili wa mwisho wananunua ahadi: kijiji kinabaki na ardhi na miti, ila kinajifunga kutofanya mambo fulani kwa miaka iliyoandikwa. Ni kama mwenye nyumba anayelipwa na jirani ili asipandishe ghorofa la kumzibia upepo. Nyumba ni yake, anaishi humo na atairithisha, lakini haki ya kujenga juu ameshaiuza.

Biashara ya ahadi za namna hii imekomaa zaidi Marekani, na serikali za mitaa za huko ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Mfano unaotajwa sana ni jiji la New York, ambalo maji yake mengi hutoka kwenye milima ya Catskill na bonde la mto Delaware, mbali na mjini. Mapema miaka ya 1990 jiji lilitakiwa lichuje maji hayo, na makadirio ya mtambo yakafika mabilioni ya dola. Mwaka 1997 likatia saini makubaliano na jimbo pamoja na miji midogo ya milimani: sehemu ndogo ya fedha hizo itumike kulinda chanzo. Jiji likaanza kununua ardhi kwa wanaouza kwa hiari yao. Asiyetaka kuuza shamba au msitu wake, jiji lilinunua haki yake ya kujenga na kufyeka peke yake. Mtu huyo anaendelea kumiliki na kuvuna mbao kwa mpango uliokubaliwa. Ahadi yake, hata hivyo, ni ya milele. Imesajiliwa pamoja na hati, na inamfunga mrithi wake na yeyote atakayenunua. Wapo pia Wamarekani wanaotoa ahadi kama hiyo bila kulipwa, kwa taasisi inayotambuliwa, ili wapunguziwe kodi ya mapato.

Ukiyasoma hayo ukiwa Liwale au Kiteto, usikimbilie kuiga. Punguzo la kodi ya mapato halimfaidii mtu asiyelipa kodi hiyo. Tena nyuma ya jiji la New York kuna bili za maji za mamilioni ya watu, mwaka baada ya mwaka. Hapa kwetu mnunuzi wa ahadi mara nyingi ni mradi wenye tarehe ya mwisho. Kuuza cha milele kwa mteja wa miaka mitano ni hasara hata bei ikiwa nzuri.

Kenya iliiweka njia hii kwenye sheria mapema. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, vifungu vya 112 hadi 116, inaipa mahakama uwezo wa kuwekea kipande cha ardhi masharti ya kulinda mazingira, ya muda au ya kudumu, na mwenye ardhi ana haki ya kudai fidia ya matumizi aliyoyapoteza. Kwangu mimi hiyo ni silaha ya kumzuia jirani anayeharibu chanzo cha maji. Anayetafuta kipato kutokana na miti yake hana sababu ya kuanzia mahakamani.

Kujifunga wenyewe kwanza

Kabla ya kumsikiliza mnunuzi yeyote, kijiji cha Tanzania kina chaguo ambalo halimhitaji mnunuzi kabisa. Kinaweza kuutangaza msitu wake kuwa hifadhi ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, kikiegemea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mkutano mkuu unapitisha, Kamati ya Maliasili inachaguliwa, mpaka unapimwa, mpango wa usimamizi unaandikwa, sheria ndogo zinapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kuanzia hapo mapato ya msitu huo ni ya kijiji, faini ni za kijiji, na kibali cha kuvuna kinatoka kijijini.

Utaratibu huu una historia ya ushindi. Mapema miaka ya 1990 Serikali ilitaka kuuchukua msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, uwe hifadhi yake. Wanavijiji wakakataa, wakaahidi kuulinda wenyewe. Kufikia 1995 vijiji vinane vilikuwa na sheria ndogo zilizoidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya ya Babati, na mfano huo ukasaidia kuzaa sera ya misitu ya 1998. Kule Kiteto, vijiji vya Suledo vilivyofuata njia hiyo vilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002.

Gharama zake ni zipi? Karatasi zenyewe hazilipiwi sana. Kinachokula fedha ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji unaotangulia: posho za wataalamu wa wilaya, mafuta ya gari, siku za upimaji, mabango ya mpakani, na zaidi ya yote kuhesabu miti iliyomo. Jumla hufika mamilioni mengi ya shilingi, na vijiji vingi vimelipiwa na mfadhili. Baada ya hapo kuna gharama isiyokwisha: doria. Vijana wa doria wasiolipwa hata buti huacha kazi mwaka wa pili, au huanza kufumba macho lori linapopita usiku. Bajeti isiyo na mstari wa doria itafeli.

Halmashauri za wilaya nazo zina mkono mmoja kwenye ulinzi na mwingine kwenye ushuru. Mkaa unaovunwa katika ardhi ya kijiji isiyohifadhiwa hulipiwa tozo kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na ushuru kwa wilaya, huku kijiji kikiambulia kidogo au kikikosa kabisa. Msitu ukishakuwa hifadhi ya kijiji, fedha inabadili njia. Wapo maofisa misitu wa wilaya waliosimama na vijiji kwa moyo wote, lakini faili likikaa muda mrefu mezani bila maelezo, uliza fedha za msitu huo zilikuwa zinakwenda wapi.

Kuuza miti bila kuumaliza msitu

Msitu ukiwa na mipaka na mpango, mwenye lori anaweza kurudi, safari hii kwa masharti ya kijiji. Kilwa ndiko kwenye mfano mzuri zaidi. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi iliingia chini ya cheti cha FSC, cha misitu inayosimamiwa vizuri, kwa msaada wa shirika la Mpingo, na ikawa ya kwanza barani Afrika, kati ya misitu ya asili inayosimamiwa na jamii, kupata cheti hicho. Mti wa mpingo ndio unaotengenezewa klarineti na obo, na mnunuzi wa Ulaya hutaka kujua umetoka wapi. Kijiji kinauza mti uliosimama, unapimwa, unakatwa na kugongwa nyundo ya kijiji. Nanjirinji A, yenye moja ya hifadhi kubwa za kijiji katika wilaya hiyo, ilijenga na kukarabati huduma zake kwa fedha za magogo.

Lakini cheti kina bei yake. Wakaguzi hulipwa, na kijiji kimoja peke yake hakiwezi gharama hiyo. Kilwa vijiji vinaungana chini ya cheti kimoja. Kijiji chako kisipokuwa na mpingo, mninga au mkongo wa kutosha, cheti ni mapambo. Na kama barabara hukatika masika yote, mnunuzi atakata gharama za usafiri kwenye bei ya mti wako.

Mkaa unaweza kuvunwa kwa akili pia, ingawa wengi hawaamini. Kilosa kuna vijiji, kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, vilivyotenga sehemu ndogo ya hifadhi, karibu asilimia 10, kwa ajili ya mkaa. Eneo hilo hugawanywa viwanja vya mita 50 kwa 50. Kinavunwa kimoja, cha jirani kinaachwa, na visiki having'olewi, vinachipua vyenyewe. Mzunguko ni miaka 24. Chukua msitu wa kufikirika wa hekta 4,000: asilimia 10 ni hekta 400, ukigawa kwa 24 unapata kama hekta 17 kwa mwaka, sawa na viwanja 66 hivi. Hekta nyingine 3,600 haziguswi kwa mkaa. Mchoma mkaa hulipa kijiji kabla ya kuwasha tanuri, na kijiji kinajua idadi ya magunia. Kwa msitu wa miombo ulio karibu na barabara kuu ya kwenda Morogoro au Dar es Salaam, sijaona chaguo linalolipa haraka kuliko hili.

Kaboni: bei kubwa, maandishi madogo

Mwenye ramani za setilaiti ananunua ahadi kwamba msitu ambao ungefyekwa hautafyekwa. Tofauti hiyo inageuzwa tani za hewa ukaa na kuuzwa kwa kampuni za ng'ambo zinazotaka kufidia moshi wao. Tanzania ina mifano inayoheshimika. Katika bonde la Yaeda, Wahadza walipata hati ya kimila ya pamoja mwaka 2011, kisha wakaingia mkataba na kampuni ya Carbon Tanzania. Wao pia walipewa Tuzo ya Equator, mwaka 2019. Wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinane vya milima ya Ntakata vimepokea mabilioni ya shilingi kutokana na msitu wa zaidi ya hekta 200,000, vikajenga madarasa na zahanati, na halmashauri ya wilaya yenyewe ina fungu lake.

Mabilioni hayo ndiyo yanayotajwa kwenye semina. Kisichotajwa ni ukubwa wa msitu. Kutayarisha mradi, kuukaguza na kuusajili kunagharimu fedha nyingi za kigeni kabla ya shilingi moja kuingia, na gharama hizo hazipungui sana eti kwa kuwa msitu ni mdogo. Kwenye ghuba ya Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza kaboni ya hekta 117 tu za mikoko tangu 2013, na umeleta maji na vitabu vya shule. Lakini ule umebebwa na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari, pamoja na chuo kikuu kimoja cha Scotland, na kazi nyingi zilifanywa kwa kujitolea. Kijiji chenye hekta 300 na kisicho na rafiki wa aina hiyo kisilipie mshauri wa kaboni.

Bei nayo hupanda na kushuka. Januari 2023 magazeti ya Ulaya yalichapisha uchunguzi uliotilia shaka thamani ya hati nyingi za kaboni za misitu ya mvua, na wanunuzi wakapoa. Mkataba unaosema kijiji kitapata asilimia fulani haukwambii asilimia ya nini: ya bei ya mauzo, au ya kilichobaki baada ya kampuni kukata gharama zake? Asilimia 60 ya masalio inaweza kuwa ndogo kuliko asilimia 30 ya mauzo. Tangu 2022 Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni zinazogusa usajili na mgawanyo wa mapato, na kuna kituo cha taifa cha kaboni katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mgeni akija na mkataba ambao kituo hicho hakiufahamu, mwekeeni chai, msitie saini.

Kenya imeonyesha upande wa pili. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo ikiwa Biliqo Bulesa iliyomo ndani ya mradi mkubwa wa kaboni, zilianzishwa bila kuwashirikisha wananchi ipasavyo, kinyume cha katiba. Kesi ilifunguliwa na wananchi wenyewe. Mkataba ukivunjika hivyo, aliyeuza na aliyenunua wote wanaumia.

Kodi ya kila mwaka

Aina ya nne ni ya kulipwa kila mwaka kwa kutofanya. Simanjiro, mwaka 2005, kampuni za utalii ziliungana na kuanza kulipa kijiji cha Terrat kama shilingi milioni 5 kwa mwaka ili nyanda za nyasi zisilimwe wala kujengwa makazi ya kudumu. Ng'ombe waliruhusiwa kuendelea kula. Kwa wafugaji ilikuwa karibu ahadi ya bure, kwani kilimo chenyewe hawakukitaka pale. Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Nairobi, familia zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka kuanzia 2000 ili zisiweke uzio wala kuuza, na malipo yalipangwa yaangukie wakati wa karo. Mwenye ekari 100 alipata dola 400. Utaratibu mzuri, lakini bei za viwanja karibu na Nairobi zikapaa, na wengi wakauza. Malipo yasiyopanda pamoja na thamani ya ardhi hugeuka zawadi kwa anayelipa.

Kwa misitu ya vyanzo vya maji, jaribio la karibu na lile la New York lilifanyika Uluguru. Mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima wa Kibungo, juu ya mto Ruvu, na wanunuzi wawili wa Dar es Salaam: kampuni ya maji ya DAWASCO na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza. Wakulima walilipwa kwa makinga maji na miti. Malipo yalikuwa madogo, na sehemu ya faida ilikuwa mavuno bora ya shamba lenyewe, si fedha. Naona hapa ndipo halmashauri zetu zimelala. Mamlaka za maji zina wateja wa kudumu na bili za kila mwezi, jambo ambalo mradi wa mfadhili hauna.

Fedha inaingia mfuko gani

Nimemwacha mkulima wa ufuta mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndiye mshindani wa kweli. Kilwa, Lindi na Ruangwa msitu unaondoka zaidi kwa ufuta kuliko kwa shoka la mkaa, na sababu yake haihitaji profesa. Sema msitu umeingiza shilingi milioni 60 mwaka huu katika kijiji cha watu 3,000. Ni shilingi 20,000 kwa kila mtu, na hata hiyo haimfikii mkononi, imekuwa bati la zahanati. Kwa bei za minada ya misimu ya karibuni, kilo kumi za ufuta zinaipita, na fedha yake inaingia mfukoni mwa mtu mwenyewe. Anayewaambia wanakijiji kwamba msitu unalipa zaidi, aseme unamlipa nani.

Kati ya 2009 na 2014, shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, kwa fedha za Norway, walijaribu kulijibu swali hilo. Katika vijiji vya Kilosa na Lindi waligawa malipo ya majaribio kwa kila mkazi, fungu la mtoto likipewa mzazi, na kila kijiji kilijiamulia kiasi gani kiende kwenye miradi ya pamoja. Mfadhili alikuwa na muda wake, ukaisha. Lakini utaratibu ule unaweza kunakiliwa na kijiji chochote chenye mapato ya mkaa, mbao au kaboni, na singekubali mpango wowote usiopeleka angalau sehemu ya fedha moja kwa moja nyumbani.

Hukumu yangu basi ni hii. Msitu wa miombo ulio karibu na barabara: utangazeni hifadhi ya kijiji, uzeni mkaa na mbao kwa mpango, hamhitaji mtu wa kaboni. Msitu mkubwa ulio mbali, wenye kasi ya kufyekwa: kaboni inafaa, mradi kijiji kione hesabu za mauzo na si muhtasari wake. Nyanda za wanyama: kodi ya mwaka, ipitiwe upya kila baada ya miaka michache. Msitu mdogo wa chanzo cha maji: ubaneni uongozi wa mamlaka ya maji iliyo chini yenu. Ahadi ya milele, hata kwa dola, ikataeni, kwani watoto wenu hawajaulizwa.

Na kuna neno moja kwenye mkataba ambalo linastahili kusimamisha kikao: "kuhamisha". Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ardhi ya kijiji ikihamishwa huwa ardhi ya jumla, na mnunuzi akifilisika hairudi kijijini yenyewe. Hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu una uwezo wa kukataa. Zaidi ya hapo uamuzi unakwenda kwa waziri, na kijiji kinabaki kutoa maoni tu. Kaboni, utalii na maji vyote vinaweza kulipiwa bila ardhi kuhamishwa hata hatua moja. Dai nakala ya Kiswahili, isomwe kila kitongoji kabla ya mkutano mkuu, na mwanasheria wa halmashauri aweke maoni yake kwa maandishi. Mnunuzi asiyeweza kusubiri hayo, aende.